Kitabu Kipi cha Magonjwa ya Akili? Kwanza Jua Unakitakia Kazi Gani

Anayeanza kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili au ushauri nasaha hapa Mombasa hukutana na swali hili mapema: ninunue kitabu kipi? Mwalimu hutaja vitatu, waliomtangulia chuoni hutaja vingine vitatu, na pesa aliyo nayo inatosha kimoja kwa shida. Vyote vinaitwa vitabu vya magonjwa ya akili, kana kwamba vinafanya kazi moja.

Havifanyi kazi moja, na mkanganyiko wote unaanzia hapo. Kuna vitabu vya kuyapa maradhi majina na kuyapanga. Kuna vya kuyaeleza maradhi yenyewe, yanaanzaje na yanakwendaje. Kuna vya dawa, na kuna vya tiba ya mazungumzo. Halafu kuna miongozo ya mhudumu aliye peke yake zahanati, foleni ikimsubiri mlangoni. Anayenunua cha aina moja akitarajia kazi ya aina nyingine hupoteza pesa, na kibaya zaidi, anaweza kumdhuru mgonjwa akiamini amesoma.

Jina la ugonjwa si tiba yake

Kinachojulikana kuliko vyote ni DSM, cha Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 1952 likiwa kijitabu chembamba. La tano lilitoka 2013, na marekebisho yake, DSM-5-TR, yakatoka Machi 2022 katika kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000. Kwa sababu ya umaarufu huo, wengi hukinunua kwanza. Kisha hukifungua kutafuta jambo lililowasumbua wodini: mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, apewe dawa gani, kiasi gani, kwa muda gani? Hawalipati, kwa kuwa halimo. DSM hakina sura ya tiba hata moja. Kazi yake ni kusema ni dalili zipi, ngapi, zikidumu muda gani, ndipo hali iitwe kwa jina fulani. Mtu akikufundisha majina ya samaki wote wa Bahari ya Hindi, bado hajakufundisha kuvua.

Kazi hiyo ya majina ni kubwa, isidharauliwe. Watafiti waliolinganisha hospitali za New York na London, wakachapisha matokeo yao 1972, waliona kwamba New York wagonjwa waliitwa wenye skizofrenia mara nyingi mno kuliko London, ilhali wakichunguzwa kwa kipimo kimoja hawakutofautiana kiasi hicho. Waliotofautiana ni madaktari. Toleo la tatu la DSM, la 1980, likaja na vigezo vilivyoandikwa wazi, kimoja kimoja, ili mhudumu wa Changamwe na wa Chicago wakitaja ugonjwa wawe wanazungumzia kitu kimoja.

Lakini kazi hiyohiyo inafanywa na kitabu kingine, na hiki ndicho ninachotaka wasomaji wa Pwani wakifahamu zaidi. Ni ICD ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Toleo la 11 lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. ICD hupanga maradhi yote, kuanzia malaria hadi mfupa uliovunjika, na magonjwa ya akili yako sura ya 6. Zile namba ambazo jamaa huziona kwenye karatasi za hospitali bila kuelewa zinatoka humu: skizofrenia ilikuwa F20 katika toleo la 10, sasa ni 6A20, sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, iliyokuwa F32 sasa ni 6A70. Mwaka 2024 WHO ilitoa kitabu kizima cha maelezo ya kitabibu na masharti ya kubaini kila ugonjwa wa akili uliomo ICD-11. Kinapakuliwa bure. Mwanafunzi anaweza kuwa nacho kwenye simu yake leo jioni.

Kwa hiyo nikiulizwa DSM au ICD, jibu langu kwa anayefanya kazi hapa ni ICD-11 kwanza. Bei ni sababu moja. Ya pili inaonekana ukivifikisha vitabu hivi viwili mbele ya watu wetu.

Mjane wa mwezi wa saba

Chukua mjane wa Kisauni. Amekaa eda yake miezi 4 na siku 10 kama inavyotakiwa, amemaliza. Sasa ni mwezi wa 7 tangu mumewe azikwe, na bado hali vizuri, hataki kuonana na mtu, mawazo yake yote yako kwa marehemu, na maisha anayaona hayana maana tena. Hii ni huzuni ya kawaida ya mfiwa, au ni ugonjwa?

Vitabu vyote viwili vinautambua ugonjwa wa majonzi yasiyokwisha. ICD-11 inataka iwe imepita miezi 6 kwa uchache tangu kifo. DSM-5-TR, kwa mtu mzima, inataka miezi 12. Mwanamke yuleyule, siku ileile: kitabu kimoja kinakuruhusu kumpa jina la ugonjwa, cha pili kinakuambia ungoje. Wala hakuna kilichokosea. Waandishi wa kimoja waliogopa kuchelewesha msaada, wa kingine waliogopa kuufanya msiba wa kila mtu kuwa maradhi. Yote mawili ni hofu za haki.

Na vyote viwili vinasema muda peke yake hautoshi. Majonzi lazima yawe yamepita kiasi kinachotarajiwa na mila na dini ya mfiwa, na yawe yanamharibia maisha. Kanuni hiyo inamtaka mhudumu ajue mambo ambayo kitabu hakiyafundishi. Asiyejua eda atahesabu kukaa ndani, kuacha manukato na kutojipamba kuwa dalili, kumbe mwanamke anatekeleza dini yake. Anayeijua atauliza swali lililo sahihi zaidi: eda imekwisha, mashoga zake wanamvuta arudi kwenye shughuli, watoto wanamhitaji, mbona hawezi? Kitabu kizuri hakimjibii swali hilo. Humlazimisha aulize.

Skizofrenia nayo ina tofauti ya namna hiyo. ICD-11 hutaka dalili zidumu mwezi 1, DSM miezi 6, kwa hiyo kijana aliyeugua wiki sita anaweza kuwa na majina mawili kwa vitabu viwili huku akihitaji huduma ileile.

Halafu kuna mashetani. Kila anayefanya kazi hii Pwani ameletewa mtu aliyepandisha: sauti imebadilika, anazungumza kama mwingine, jamaa wanasema si yeye. DSM-5 huiweka hali ya kupagawa ndani ya ugonjwa wa mtu kuwa na nafsi zaidi ya moja. ICD-11 imeipa nafasi yake yenyewe, namba 6B63, na kuweka masharti mawili ambayo mimi nayaona ya heshima. Hali hiyo haihesabiwi ugonjwa ikiwa ni sehemu ya desturi au ibada ambayo jamii inaikubali, na ili iwe ugonjwa ni lazima iwe inamtesa mtu au kuyavuruga maisha yake. Kwa hiyo anayepandisha kwenye ngoma ya pepo, akashuka, kesho akaenda sokoni, si mgonjwa kwa kitabu hicho. Anayepandwa asipotaka, hospitalini, shuleni, kila wiki, hata ameacha kazi, huyo anahitaji kuangaliwa. Na kabla ya yote, vitabu vyote vya maana vinasisitiza kuondoa shaka ya ugonjwa wa mwili. Malaria iliyopanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kusema yasiyoeleweka, na ukianza na kitabu cha akili ukasahau kipimo cha damu, utampoteza.

Nisiionee DSM. Toleo la tano lina mahojiano ya utamaduni, maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa yeye mwenyewe anaiitaje shida yake, anadhani imetoka wapi, na amekwisha kwenda kwa nani kutafuta msaada. Kwa mgonjwa aliyepitia kisomo cha shehe na dawa ya mganga kabla ya kufika kliniki, maswali hayo ni ya thamani sana, na chama chenyewe kimeyaweka mtandaoni bure. Tena tafiti nyingi huandikwa kwa vigezo vya DSM, kwa hiyo anayelenga shahada ya uzamili atakihitaji siku moja. Akiazime maktaba.

Kitabu cha aliye peke yake

Wagonjwa wengi wa Kwale, Kilifi na Mombasa hawaonani na daktari bingwa. Wanaonana na muuguzi au afisa wa kliniki ambaye asubuhi hiyohiyo amekwisha kuona wajawazito, watoto wenye homa na waliokatwa na panga. Kwa mtu huyo WHO ilitunga mwongozo wa mhGAP, uliotoka mara ya kwanza 2010, ukarudiwa 2016, na mapendekezo yake yakapitiwa upya 2023. Nao ni bure. Umepangwa kwa chati za mishale: uliza hili, ukijibiwa ndiyo nenda huku, ukijibiwa hapana nenda kule. Toleo la 2016 linashughulikia sonona, saikosisi (hali ya akili kutengana na uhalisia) pamoja na bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kifafa, matatizo ya watoto na vijana, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, pombe na dawa za kulevya, kujidhuru na kujiua, na malalamiko mengine yasiyoingia kwenye kundi.

Wapo wataalamu wanaoubeza kwa kuwa ni mwepesi. Mimi naona wepesi huo umebeba hekima nyingi. Kabla hujampa mtu dawa ya sonona, chati inakusimamisha uulize kama amewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kutolala, kuzungumza bila kituo na kutapanya pesa, kwa sababu mwenye bipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka akawa na wazimu wa furaha. Inakuuliza pia kama amefiwa ndani ya miezi 6, na hapo unamkumbuka mjane wetu. Kifafa kimewekwa humo ingawa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwa sababu katika nchi kama yetu kinatibiwa kwenye kliniki zilezile, na kwa sababu mwenye kifafa Pwani bado hushukiwa kuwa na mashetani huku dawa yake ikipatikana.

Ungekuwa na nafasi ya kitabu kimoja tu maishani na kazi yako ni ya zahanati, chukua huu.

Kitabu kinene cha mezani

Miongozo haielezi kwa nini. Kwa hilo unahitaji kitabu cha kusoma polepole, na hapo wanafunzi hushindana juu ya viwili: muhtasari wa Kaplan na Sadock kutoka Marekani, na kile kifupi cha Oxford, ambacho toleo lake la saba ni la 2017. Cha kwanza kimejengwa juu ya DSM na kina karibu kila kitu. Cha pili ni chepesi kusomeka, kinazitazama DSM na ICD pamoja, na hufundisha namna ya kumsikiliza mgonjwa. Kwa anayefanya kazi hapa mimi nachagua cha Oxford. Kununua vyote viwili ni anasa.

Kando yake weka kitabu cha Kiafrika kilichohaririwa na Profesa David Ndetei na wenzake, kikachapwa Nairobi na AMREF mwaka 2006. Kimezeeka upande wa dawa na vigezo. Ila kimeandikwa na watu wanaomjua mgonjwa anayekuja na jamaa sita, aliyefungwa kamba, aliyekwisha kupelekwa kwa mganga, na ufahamu huo hauzeeki upesi kama dozi.

Sura za sheria katika vitabu vya Uingereza zirukwe. Zinaeleza sheria ya Uingereza. Mkenya asome Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 pamoja na marekebisho yake ya 2022, kwa sababu humo ndimo zilimo haki za mgonjwa, ridhaa yake na taratibu za kumlaza. Kitabu chochote cha zamani kinachosema kujaribu kujiua ni kosa la jinai Kenya nacho kimepitwa: Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba.

Dawa, mahali ambapo mwaka wa kuchapwa ni uhai

Kwenye nadharia unaweza kusoma kitabu cha miaka ishirini nyuma ukafaidika. Kwenye dawa, usithubutu. Vitabu vya mitumba na vile vinavyorithishwa kutoka darasa hadi darasa vina thamani yake, lakini kabla ya kukiamini kimoja fungua ukurasa wa valproeti. Kwa miaka mingi dawa hii iliandikwa kwa kifafa na bipola bila kujali sana mgonjwa ni nani. Sasa inajulikana kwamba humdhuru mtoto tumboni, viungo na akili, na Mei 2023 WHO ilitoa tamko kwamba wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe. Kitabu kisichosema neno juu ya mwanamke wa umri wa kuzaa kitakufanya umdhuru mtu ambaye hajazaliwa. Au tazama sitalopramu, dawa ya sonona: hadi 2011 vitabu viliruhusu miligramu 60 kwa siku, ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ikashusha kikomo hadi 40 kwa sababu ya hatari kwa moyo, na 20 kwa waliopita miaka 60.

Kwa dawa majina mawili hutajwa sana. Kitabu cha Stahl hueleza dawa inafanyaje kazi ndani ya ubongo, kwa michoro mizuri inayofanya mambo magumu yaeleweke. Mwongozo wa Maudsley wa London hukuambia ufanye nini mgonjwa akiwa mbele yako: dawa ya kwanza imeshindwa, ana ujauzito, figo zake ni dhaifu, amezidisha umri. Cha kwanza ni cha kusoma, cha pili ni cha kufungua kazini. Anayeandika dawa anahitaji cha pili, toleo jipya kadiri awezavyo.

Lakini Mombasa ina mambo yake. Lithiamu hutibu bipola vizuri, na nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. MhGAP hutaka kiwango chake katika damu kiwe kati ya 0.6 na 1.0 mEq kwa lita. Mtu akipungukiwa maji mwilini, kiwango hupanda. Mwandishi wa London analitaja hilo kama tahadhari moja kati ya nyingi. Kwetu ni jambo la kila mwaka, joto la Februari, au Ramadhani mgonjwa akiwa amefunga na anafanya kazi ya jua kali bandarini. Brufeni na diklofenaki, ambazo watu hujinunulia duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, nazo huipandisha. Piga mstari mwekundu kwenye ukurasa huo.

Miraa na muguka hugusiwa kwa ufupi kwenye vitabu vya ng'ambo, ingawa kathinoni iliyo ndani yake ni jamaa ya amfetamini na inaweza kumfikisha mtu kwenye saikosisi. Kwa unga, yaani heroini, mgonjwa wako anaweza kuwa anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuuacha, kila asubuhi kliniki ya Kisauni. Ukimwandikia kabamazepini, dawa ya kifafa na bipola, bila kuangalia, dawa hiyo itashusha methadoni mwilini mwake na atapata arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, na wengi wakipata arosto hurudi kwenye unga. Ukimwandikia haloperidoli, dawa ya saikosisi, hiyo na methadoni zote mbili huugusa mpigo wa moyo. Kabamazepini hugongana pia na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Kwa hiyo, kitabu cha dawa kipimwe kwa sura yake ya migongano kabla ya kitu kingine chochote. Kisha angalia kama kinafundisha kwa dhati haloperidoli, klopromazini na sindano ya mwezi ya flufenazini. Hizo ndizo mgonjwa atakazopewa hospitali ya umma, na mikono ikianza kutetemeka au shingo ikikakamaa ni wewe utakayeulizwa.

Tiba ya mazungumzo

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa kitabu peke yake hakimfanyi mtu kuwa mshauri. WHO ina mafunzo ya vikao 5 ya kumsaidia mtu kukabili matatizo yake, yaitwayo PM+, yaliyotolewa 2016 na kujaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, yakiendeshwa na wahudumu wasio wataalamu. Ni bure na ni mwanzo mzuri. Yanahitaji msimamizi mwenye uzoefu, naye hachapishwi. Anayetaka kuwa mshauri nasaha ajiandikishe kwa mujibu wa Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, apate wa kumsimamia, ndipo anunue vitabu.

Na jamaa wa mgonjwa?

Mama ambaye mwanawe ameanza kusikia sauti hununua au kupakua chochote anachokiona. Namuelewa kabisa. Lakini DSM na ICD nyumbani huleta ugomvi: kila mmoja anamtafutia mwenzake ugonjwa. Kinachomfaa zaidi ni kitabu cha Vikram Patel, kilichoandikwa kwa ajili ya mahali pasipo na daktari wa magonjwa ya akili. Kilitoka 2003, toleo la pili 2018 akiwa na Charlotte Hanlon. Kimelengwa kwa wahudumu wa afya ya jamii, kwa lugha isiyo ya kujionyesha, na kinaanza na shida kama mtu anavyoileta, halali, anaogopa, anakunywa, hazungumzi, kabla ya kufika kwenye majina ya maradhi.

Asome sehemu inayohusu hali ya mwanawe, aandike maswali, aende nayo kliniki, Port Reitz au popote anapotibiwa. Dawa hii ni ya muda gani? Nikiona nini nimrudishe haraka? Akikataa kuinywa, nifanyeje bila kumlazimisha? Anaweza kufunga Ramadhani? Na amuombe anayemhudumia amwandikie majibu, kwa sababu akifika nyumbani atakuta mashangazi na wajomba wanayo ya kwao.